Kushindwa Nako Kuna Historia: Wavu wa Sekondari Japani na Hadithi ya Haikyu!!

Wapenzi wengi wa fasihi ninaowajua hawana hamu na hadithi za michezo. Ukiwauliza sababu wanakujibu mara moja: mwisho wake unajulikana. Timu dhaifu inapata kocha, kocha anapata hasira, vijana wanapata umoja, kombe linapatikana. Sasa mimi nataka kuzungumzia hadithi ya sekondari moja ya kubuni huko Japani, iliyoandikwa kwa juzuu 45, ambayo kombe halipatikani. Timu tunayoishangilia kwa sura zaidi ya mia tatu inatolewa robo fainali, siku ambayo mchezaji wetu tunayempenda ameshikwa na homa na amekatazwa kurudi uwanjani. Na watu wameipenda hivyohivyo, Tokyo hadi Tandika.

Hadithi yenyewe ni Haikyu!! ya Furudate Haruichi. Ilianza kuchapishwa Februari 2012 katika jarida la Weekly Shonen Jump, ikamalizika Julai 2020 ikiwa na sura 402. Wengi wetu tuliijua kwanza kwa anime iliyoanza 2014, tukiangalia kwenye simu, maandishi ya Kiingereza yakipita chini na bando likiisha seti ya tatu. Kama hujaisoma nakuonya mapema: humu nitafichua karibu kila kitu. Ila sikusudii kuhakiki katuni peke yake. Nataka tuangalie historia iliyoizaa, maana bila historia hiyo huwezi kuona ni jambo gani kubwa mwandishi amelifanya kuhusu kushindwa.

Kutoka kiwandani

Mpira wa wavu ulibuniwa Marekani mwaka 1895 na William G. Morgan, mwalimu wa michezo wa YMCA pale Holyoke, Massachusetts. Japani ulifika kupitia njia hiyohiyo ya YMCA: Omori Hyozo aliurudisha nyumbani mwaka 1908 baada ya masomo yake Marekani, na kuanzia 1913 Mmarekani Franklin Brown akausambaza. Wajapani wakaufanya wao. Kwa miaka mingi walicheza watu tisa kila upande, si sita, na waliouchukua kwa nguvu zaidi ni shule na viwanda vya nguo. Viwanda vile viliajiri wasichana wengi walioishi kwenye mabweni, na wavu ulikuwa burudani rahisi: uwanja mdogo, mpira mmoja, watu wengi. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa. Sisi pia tuna timu zinazoitwa Magereza na Pipeline. Tunajua maana ya mwajiri kuwa klabu.

Katika kiwanda kimoja cha namna hiyo, Nichibo cha Kaizuka karibu na Osaka, akatokea kocha Daimatsu Hirobumi. Alikuwa askari aliyenusurika kwenye kampeni ya Imphal, mpakani mwa Burma na India, mojawapo ya balaa kubwa kabisa za jeshi la Japani. Mwaka 1954 alikabidhiwa timu ya wasichana wa kiwanda. Walifanya kazi ya ofisi mchana, kisha mazoezi tangu jioni hadi karibu usiku wa manane, mara nyingine kupita hapo. Aliwarushia mipira mpaka wakaanguka, na kutokana na kuanguka huko wakazaa ufundi mpya: kudaka mpira wa chini kwa kubingirika na kuinuka papo hapo. Mwaka 1962 waliwapiga Wasovieti kulekule Moscow na kuchukua ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata Daimatsu akatoa kitabu chake, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa “Nifuateni”. Tarehe 23 Oktoba 1964, katika Olimpiki ya Tokyo, timu ya taifa iliyojaa wasichana wa Nichibo, nahodha wao Kasai Masae, ikawafunga Wasovieti seti tatu kwa bila. Eneo la Tokyo, kipimo cha watazamaji wa televisheni kilifika asilimia 66.8. Kwa ufupi ni kwamba nchi ilisimama.

Lile jina la kitabu linabeba falsafa nzima. Nifuateni. Anayefuata haulizi. Ushindi ndio ushahidi kwamba maumivu yalikuwa sahihi. Na kwa kuwa timu ile ilishinda michezo 258 mfululizo, nani angebisha?

Fasihi haikuchelewa. Mwaka 1968 mwandishi Urano Chikako alianza kuchapisha Attack No. 1 kwenye jarida la wasichana la Margaret, hadithi ya mwanafunzi anayepanda ngazi ya wavu kutoka shuleni, na mwaka uliofuata ikawa katuni ya televisheni. Hapo ndipo kizazi kizima kilipojifunza kusoma wavu wa shule kama mateso matukufu: machozi, bandeji, mwili unaovunjika ili moyo usivunjike. Wajapani wana neno la kutaja moyo huo, *konjo*. Nadhani Kiswahili chetu kingesema roho ya paka. Katika hadithi za aina hiyo mpinzani mgumu ni mlima tu. Kazi yake ni kupandwa. Ukishafika kileleni hukumbuki tena jina lake.

Januari badala ya Machi

Tuje shuleni sasa. Sekondari ya juu Japani ni miaka mitatu, na mwaka wa masomo huanza Aprili. Kwa wavu kuna mashindano makubwa mawili ambayo kila mtoto anayaota: yale ya kiangazi yanayojulikana kama Inter-High, na yale ya taifa yanayoitwa kwa mkato *Haruko*, yaani sekondari za majira ya kuchipua. Jina hilo la pili lilikuwa na maana kwa sababu yalichezwa Machi. Lakini mwezi Machi mwanafunzi wa mwaka wa tatu ameshahitimu. Kwa hiyo kwa miaka mingi *Haruko* ilikuwa mashindano ya wale wa mwaka wa kwanza na wa pili. Wakubwa walimaliza safari yao mapema zaidi.

Kuanzia 2011 mashindano yakahamishiwa Januari. Jina lilibaki la majira ya kuchipua ingawa ni baridi kali; mambo ya majina hayo. Badiliko linaonekana dogo, la ratiba tu. Kumbe lilifungua mlango mpya wa hadithi. Sasa mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetolewa mwezi Juni ana uamuzi wa kufanya: aache, ajiandae na mitihani ya chuo kama wenzake, au abaki miezi saba zaidi kwa ajili ya nafasi moja ya mwisho? Mashindano ni ya mtoano. Ukipoteza mchezo mmoja umekwisha, na kwa mwaka wa tatu kuisha huko ni kwa jumla, si kwa msimu.

Haikyu!! imejengwa juu ya uamuzi huo. Ilianza mwaka mmoja tu baada ya badiliko lile, na wale wakubwa watatu wa Karasuno, Daichi, Sugawara na Asahi, wanalazimika kuchagua baada ya kutolewa Juni. Katika hadithi ya zamani wangekuwa wameshaondoka. Mara nyingi tunadhani fasihi inabadilika kwa sababu waandishi wamepata mawazo mapya. Wakati mwingine ni kwa sababu chama cha michezo kimebadili kalenda.

Na si kalenda peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sheria za mchezo zilibadilika pia. Zamani ulipata pointi pale tu ulipokuwa upande wa kuanzisha mpira, na seti iliishia 15. Siku hizi kila mpira ni pointi, hadi 25, na lazima uzidi kwa mbili. Vilevile akaingizwa libero, mchezaji wa ulinzi mwenye jezi ya rangi tofauti, asiyeruhusiwa kushambulia juu ya wavu. Kwa mwandishi wa hadithi hii ni neema mara mbili. Hakuna mpira usio na thamani, na mtu mfupi amepata cheo. Libero wa Karasuno, Nishinoya, ana sentimita 159, na nyuma ya wavu ndiye mkubwa kuliko wote.

Wapinzani wenye sura zao

Mhusika mkuu, Hinata Shoyo, ana urefu wa sentimita 162.8 na anataka kuwa mshambuliaji. Shule ya kati alicheza mechi moja tu rasmi, akafungwa kwa dakika 31. Ndivyo hadithi inavyoanza: kwa kipigo cha nusu saa. Aliyempiga, mpangaji wa mipira Kageyama Tobio, anakutana naye tena sekondari ya Karasuno, mkoa wa Miyagi, safari hii upande mmoja wa wavu. Shule yenyewe iliwahi kuwa na jina, likachujuka. Wenyeji wanaiita kunguru wasioruka. Ilibaki kumbukumbu ya mchezaji mmoja mfupi aliyewika zamani, na ambaye Hinata alimwona kwenye televisheni akiwa mtoto.

Basi hebu tupite kwa wapinzani. Date Kogyo, shule ya ufundi, inajulikana kwa kuzuia: mikono inapanda wavuni kama ukuta wa chuma, na iliwahi kumvunja moyo mshambuliaji Asahi hadi akaacha timu. Aoba Johsai haina nyota wa kutisha kuliko wote, lakini ina mpangaji, Oikawa Toru, anayejua kumtoa kila mwenzake kile alicho nacho. Shiratorizawa ni kinyume chake: kila kitu kinapelekwa kwa Ushijima Wakatoshi, anayepiga kwa mkono wa kushoto, na mpira wa kushoto unakuja ukizunguka tofauti na ulivyozoea mkono wa mdakaji. Nekoma wa Tokyo hawana papara. Wanadaka, wanadaka tena, mpaka wewe ndiye unakosea. Inarizaki wanakuja na mapacha Miya, na bendi ya tarumbeta jukwaani.

Ona hapo. Kila shule ni jibu tofauti kwa swali moja: timu ni nini? Ni ukuta? Ni mtu mmoja mwenye nguvu na watano wanaomhudumia? Ni uvumilivu? Karasuno haipandi milima hiyo na kuisahau. Inaiba kidogo kutoka kwa kila mmoja. Kunguru, si unajua tabia yake.

Mchezo ninaourudia zaidi ni ule wa Juni dhidi ya Aoba Johsai. Unakwenda seti tatu, na seti ya tatu inapita 25, inapita 30, inaishia 33 kwa 31. Karasuno wanafungwa. Mpira wa mwisho ni ule ambao Hinata na Kageyama wanauamini kuliko yote, ule wa kasi wanaopigiana bila kuangaliana, na wapinzani wameshauona mara nyingi mno. Wanauzuia. Yaani wamefungwa kwa silaha yao bora. Baada ya hapo hakuna hotuba ya kishujaa. Kocha Ukai anawapeleka kula, akiwaambia kwamba misuli iliyochanika hujengwa kwa chakula. Wanakula huku wanalia. Ni mojawapo ya matukio ya kweli kabisa niliyosoma kuhusu ujana: wali mdomoni, kamasi puani, na hakuna anayemcheka mwenzake.

Mwezi Oktoba wanarudiana na Aoba Johsai wakashinda, kisha wakaipiga Shiratorizawa kwa seti tano. Hapo unaweza kusema, haya, ndiyo yaleyale. Lakini Furudate anabaki na walioanguka. Anatuonyesha Oikawa akitembea nyumbani na wenzake, mwaka wa tatu umeisha, hajawahi kufika taifa hata mara moja. Anatuonyesha kocha mzee wa Shiratorizawa, Washijo, na tunajua kwa nini anapenda vijana warefu wenye nguvu: yeye mwenyewe ni mfupi, na ujanani ufupi huo ulimkalisha benchi. Adui wa Hinata kumbe ni Hinata aliyezeeka bila kupewa nafasi.

Na kabla ya wote hao, kuna Tokonami. Ni shule ya raundi ya kwanza, ile ambayo hadithi nyingine ingeimaliza kwa ukurasa mmoja. Hawana silaha yoyote. Wanafungwa kama ilivyotarajiwa, na mwandishi anasimama nao. Anamwonyesha kijana aliyewahi kucheza shule ya kati na nahodha wa Karasuno, akitambua kwamba angeweza kujitahidi zaidi na muda huo haurudi. Karibu naye anaweka timu ya wasichana ya Karasuno yenyewe, iliyotolewa siku hiyohiyo bila kamera wala bendi. Ukipiga hesabu ya mtoano utaona ana haki. Shule zote zinaingia, moja tu haifungwi. Kwa hiyo uzoefu wa kawaida wa mchezo wa sekondari ni kufungwa. Ubingwa ndio jambo la ajabu. Fasihi ya michezo imetumia miaka yote ikieleza jambo la ajabu kana kwamba ndilo la kawaida.

Mwaka 2012 nje ya katuni

Desemba 2012, Haikyu!! ikiwa haijatimiza mwaka, nahodha wa timu ya mpira wa kikapu wa sekondari moja ya Osaka, kijana wa miaka 17, alijiua baada ya kupigwa mara kwa mara na kocha wake. Wiki chache baadaye ikajulikana kwamba wanawake wa timu ya taifa ya judo nao walikuwa wamelalamikia vipigo. Aprili 2013 mashirika ya michezo ya Japani, likiwemo lile la sekondari, yakatoa tamko la pamoja la kukomesha ukatili. Nchi nzima ilikuwa ikijiuliza swali ambalo “Nifuateni” ililifunika kwa miaka hamsini: ushindi unahalalisha nini?

Sisemi kwamba Furudate aliandika kujibu kifo kile. Alikuwa ameshaanza. Nasema tu kwamba msomaji wa Japani wa 2013 aliifungua hadithi hii akiwa na swali hilo kichwani, na alichokikuta ni walimu wa aina nyingine. Ukai ni kijana mwenye duka la familia, anavuta sigara, anafoka, lakini haoni aibu kuwaambia wachezaji kwamba amekosea mpango. Mwalimu mlezi wa timu, Takeda, hajui wavu hata kidogo. Anafundisha lugha na fasihi ya Kijapani, na kazi yake kubwa ni kupiga simu na kuinamisha kichwa mbele ya shule kubwa ili vijana wake wapate mechi za mazoezi. Baada ya kile kipigo cha 33 kwa 31 ndiye anayewauliza kama kufungwa maana yake ni udhaifu. Mwalimu wa fasihi, jamani! Sisi tuliosomea masomo ya sanaa tuna ruhusa ya kujidai kidogo.

Kuna wanaosema hadithi hii ni laini mno, kwamba inapaka sukari mfumo ambao bado unawabana watoto. Hoja hiyo ina uzito. Vijana hawa wanafanya mazoezi asubuhi na jioni, hakuna anayeuliza habari za masomo isipokuwa pale mtihani unapotishia safari. Lakini tazama robo fainali. Siku ya tatu ya mashindano mtu anaweza kucheza mechi mbili. Asubuhi Karasuno wameifunga Nekoma, mchana wanakutana na Kamomedai, na katikati ya seti ya tatu Hinata anaanguka. Ana homa. Katika Attack No. 1, na katika ukumbi wa Daimatsu, angeinuka. Umati ungelia, angepiga mpira wa mwisho. Hapa wanamtoa. Takeda anamweleza kwa utulivu kwamba kuulinda mwili wake ni sehemu ya mchezo, kwamba safari yake haiishii leo. Anatoka akilia, na timu inafungwa bila yeye.

Hilo ndilo jibu. Miaka hamsini ya wavu wa Japani, katika vitabu na ukumbini, iligeuzwa kwa kumtoa mtoto mgonjwa uwanjani na kukubali gharama yake, ambayo ni kombe.

Baada ya filimbi

Yanayofuata yanathibitisha. Hinata anakwenda Rio de Janeiro kujifunza wavu wa ufukweni, na anayemsaidia kupata mwenyeji huko ni yuleyule mzee Washijo. Oikawa, aliyefungwa kila mara, anaishia kuwa raia wa Argentina na kukutana na Japani kwenye Olimpiki. Yule mchezaji mfupi aliyewika Karasuno zamani, aliyewasha moto wote huu, tunamkuta ameacha wavu kabisa na kuwa mchora katuni. Hinata anasikitika kidogo, halafu anaendelea. Hakuna aliyelazimika kuwa mwendelezo wa mwingine.

Wakati Olimpiki halisi ya Tokyo ilipochezwa 2021, ukumbi wa Ariake ulikuwa bila watazamaji kwa sababu ya korona. Mchezo wa kwanza wa Japani upande wa wanawake, tarehe 25 Julai, ulikuwa dhidi ya Kenya. Malkia Strikers walifungwa seti tatu kwa bila. Miaka mitatu baadaye, Paris, walipangwa kundi moja tena na Japani na kufungwa vilevile. Kwenye vichwa vya habari ilikuwa mistari miwili. Lakini wale dada hawakudondoka kutoka mawinguni pale Ariake. Nyuma ya timu yoyote ya wavu ya Kenya au Tanzania kuna viwanja vya shule vya udongo, wavu uliofungwa kwa kamba kwenye nguzo za mbao, mashindano ya wilaya, mkoa, UMISSETA huku kwetu, na mamia ya timu zilizofungwa raundi ya kwanza zikapanda lori kurudi nyumbani usiku.

Historia ya timu hizo haijaandikwa kwa Kiswahili. Tuna matokeo kwenye magazeti, yaani nani alishinda. Hatuna ule ukurasa wa Tokonami: nani alikuwa anapanga mipira, nani alilia kwenye lori, mwalimu gani wa Kiswahili aliomba nauli. Juzuu 45 zimenifundisha kwamba ukurasa huo unasomeka, na unasomeka na watu wa mbali kabisa wasiojua Miyagi iko wapi. Kuna watu walio hai leo wenye umri wa miaka arobaini, sitini, waliocheza wavu wa sekondari Tabora, Kakamega, Tanga. Wengi wao walifungwa. Mtu aende na daftari akawaulize seti ya tatu iliishaje.